Boma la Mjerumani Kijijini: Mwongozo Kamili wa Kuliokoa na Kulipa Kazi Mpya

Maboma mengi ya Mjerumani katika kanda ya kati hayakubomolewa na vita. Yamebomolewa na mvua ya Januari, mizizi ya mitini, na sururu za watu wanaotafuta rupia usiku. Nimehangaika miaka kadhaa na mojawapo, boma dogo la mawe magharibi ya Dodoma, lenye ua katikati na mnara uliobaki nusu. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyajua baada ya kukosea. Nayaandika kwa ajili ya mwalimu, mwenyekiti wa kijiji, fundi mwashi, au kijana yeyote ambaye kwao kuna gofu la namna hiyo na hapendi kuliona likiisha.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi kuianza. Inahitaji mpangilio, kwa sababu ukitangulia kupiga plasta kabla ya kuondoa maji, umetupa mifuko yako ya chokaa mtoni.

Kwanza, jua lilijengwa kwa nini na likaachwa kwa nini

Usiruke sehemu hii. Fundi asiyejua chumba kilikuwa cha nini ataziba tundu la bunduki akidhani ni tofali lililodondoka.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Mpwapwa, ambako wapagazi walipumzika na kunywa maji kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Huko watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa sababu visima vilikuwa vyao. Mwaka 1889 wapiganaji wa Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, walikishambulia kituo cha kampuni ya Kijerumani pale Mpwapwa, na mwaka huohuo Wissmann, kamanda wa Kijerumani, akaweka ngome. Baadaye maboma yalisogea ndani zaidi: Kilimatinde kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, Kondoa, Mkalama, Singida. Yalikuwa macho na mkono wa serikali. Humo walikaa askari, humo watu walifungwa, humo ilipokelewa kodi ya nyumba iliyoanza 1898, na humo watu walilazwa chini wakachapwa viboko ishirini na vitano, hamsa ishirini, kama wazee wanavyosema hadi leo.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam 1905, ukafika Dodoma 1910 na Tabora 1912. Kilimatinde ikabaki juu mlimani huku treni ikipita chini upande wa Saranda. Ofisi, maduka na wafanyakazi vikafuata stesheni. Yaliyobaki yakaguswa na vita ya 1914 hadi 1918, hasa Kondoa, ambako majeshi ya van Deventer wa upande wa Waingereza na ya Lettow-Vorbeck wa Wajerumani yalipigana Mei 1916. Majeshi ya pande zote yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakata. Wagogo wakaingia katika njaa wanayoiita Mtunya. Ukisimama ndani ya boma lolote la eneo hili, hayo yote yamo ndani ya kuta hizo.

Kwa hiyo jiulize kuhusu boma lenu: liliwekwa kwa ajili ya misafara, ya kodi, au ya vita? Na aliyeliondolea kazi ni nani: reli, vita, au makao mapya ya wilaya? Majibu yataamua ni chumba gani kitunzwe kwa uangalifu zaidi.

Pili, mwenye boma ni nani

Hapa ndipo juhudi nyingi za kijiji zinapokwama. Boma linaweza kuwa ndani ya eneo la shule, la polisi, la misheni, la halmashauri, au kwenye ardhi ya kijiji. Anza na ofisi ya mtendaji wa kijiji, kisha afisa ardhi wa wilaya. Omba kuona ramani ya upimaji. Kama ni ardhi ya kijiji, jambo lipitie mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari uandikwe na kugongwa muhuri. Karatasi hiyo moja itakufungulia milango mingi kuliko maneno.

Baada ya hapo andika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, nakala kwa afisa utamaduni wa wilaya. Walioko upande wa Kondoa wana bahati, kwa sababu idara ina ofisi yake Kolo kwa ajili ya michoro ya miambani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kulindwa, na inakataza kuchimba mambo ya kale bila kibali. Katika barua eleza jengo liko wapi, lina hali gani, nani analitumia, na kijiji kinataka nini. Ambatanisha picha. Kama mko Mpwapwa au Kilimatinde, taja kwamba mahali penu pamo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia tangu 2006, kama vituo vya njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kwihara na Ujiji.

Barua yetu ya kwanza haikujibiwa na ofisi tuliyoipelekea. Tulipeleka ya pili kwa mkono, tukasubiri mpokeaji asaini kwenye kitabu. Fanyeni hivyo tangu mwanzo.

Wakati mnasubiri kibali, hatua mbili zinazofuata hazimgusi mtu wala jiwe. Zifanyeni.

Tatu, piga picha, pima, chora

Simu ya kawaida inatosha. Piga kila ukuta kwa mbele, asubuhi au jioni jua likiwa limelala, kwa sababu mwanga wa pembeni unaonyesha nyufa na matumbo ya ukuta ambayo saa sita huyaoni. Weka fito yenye alama za sentimita kwenye kila picha. Ndani ya kila chumba piga pembe zote nne, sakafu na juu. Vipe vyumba namba, andika namba kwa chaki kwenye kibao, kamwe si ukutani.

Kisha chukua futi ndefu na watu watatu, mpime kila upande, unene wa kuta, milango, madirisha, matundu ya bunduki. Pima pia mishazari ya ua, kutoka pembe hadi pembe, la sivyo mchoro wako utakuja umepinda. Chora kwenye karatasi ya miraba. Tengeneza nakala tatu: ofisi ya kijiji, shule, na mtu mmoja anayeaminika.

Nyufa zinataka utaratibu wake. Ufa mpana si lazima uwe hatari, unaweza kuwa ulishatulia tangu zamani za babu. Wa kuogopwa ni ule unaotembea. Chukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, kibandike kikatishe ufa kwa donge la jasi kila upande, uandike tarehe juu ya jasi. Kikipasuka, ukuta unatembea. Sisi tuliweka saba mwezi wa Juni. Hadi Oktoba vyote vilikuwa vizima. Baada ya mvua kubwa ya pili ya Desemba vitatu vilikuwa vimepasuka, vyote upande wa mashariki, pale maji ya barabara yalipokuwa yanaingia. Kioo cha bure cha dirisha lililovunjika kilituonyesha mahali pa kuchimba mfereji.

Nne, wazuie wachimba hazina

Nalisema mapema kwa sababu adui huyu hangoji masika. Kila boma lina hadithi ya sanduku la Mjerumani, na hadithi hizo zina mbegu ya kweli: mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke, huku kwetu Singida. Lakini sarafu hizo zilipigwa ili zitumike, zikatumika. Sijawahi kuona shimo hata moja chini ya boma lililotoa kitu zaidi ya vigae, misumari na mifupa ya mbuzi. Nimeona kona nzima ya mnara ikidondoka kwa sababu mtu alichimba mita moja na nusu chini ya msingi wake usiku mmoja.

Maelezo haya yatolewe hadharani, mkutanoni, na mtu anayeheshimika. Sheria ndogo ya kijiji isaidie. Shimo likichimbwa, lijazwe wiki hiyohiyo: udongo uleule, kwa tabaka za nusu futi, kila tabaka imwagiwe maji kidogo na kushindiliwa. Shimo lililoachwa wazi ni bwawa mvua ikinyesha, na ni mwaliko kwa mchimbaji mwingine.

Mkikuta risasi, kombora au chuma chochote msichokielewa, hasa upande wa Kondoa, msikiguse wala kukigonga. Weka alama, ondoa watoto, piga simu polisi.

Tano, toa maji

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ni kidogo, ila hushuka kwa kishindo juu ya ardhi iliyokauka miezi saba, na maji yanatembea badala ya kuzama. Siku ya mvua, vaa koti, chukua mwavuli, nenda ukasimame bomani. Tazama maji yanatoka wapi, yanatulia wapi, yanaingia ukuta gani. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko mkaguzi wa kiangazi.

Kisha, kuanzia Mei, fanyeni mambo haya. Ondoeni udongo uliorundikana kwenye miguu ya kuta kwa miaka, hadi mkute usawa wa zamani, mkifanya kwa jembe dogo na mtu wa kuangalia vitu vinavyotoka. Msichimbe chini ya hapo. Ardhi iteremke kutoka ukutani, angalau sentimita 5 kwa kila mita. Chimbeni mfereji wa kupokea maji, mita moja au zaidi mbali na ukuta, usiwe chini ya msingi. Juu ya boma, upande wa mlima, jengeni kinga maji ya mawe ili maji ya mteremko yagawanyike kushoto na kulia.

Juu ya kuta zisizo na paa ndipo maji huingia kwa siri. Toeni mawe yaliyolegea, myarudishe kwa udongo uliochanganywa na chokaa, halafu mzipe mgongo kama wa ng'ombe ili maji yasitulie. Vyumba vitakavyotumika vinahitaji paa. Mabati yanatosha, juu ya kenchi nyepesi zinazokalia nguzo mpya au mahali ambapo kenchi za zamani zilikaa, na gata ni la lazima. Msimwage maji ya bati zima kwenye kona moja ya ukuta.

Ukuta ulioegemea ushikiliwe kabla ya kitu kingine chochote: mirunda miwili au mitatu ikiwa mshazari, ubao mnene ukutani ili nguvu isitoboe, kabari chini. Gongeni kabari polepole hadi iguse tu. Lengo ni kuuzuia, msijaribu kuunyoosha.

Sita, mizizi, mchwa, popo, nyuki

Mtini uliootea ukutani usiung'oe. Mizizi yake ndiyo sasa inashika mawe. Ukate karibu na ukuta, kata tena kila unapochipua, hadi ufe. Mizizi ikishakauka itoe kipande kwa kipande ukijaza nafasi siku hiyohiyo. Miche midogo ing'oe kwa mkono ardhi ikiwa na unyevu.

Mchwa hawali jiwe, wanakula kizingiti cha mbao kinachobeba jiwe. Vunja njia zao za udongo kila wiki, ondoa kuni na mabua yaliyorundikwa ndani, na mbao mpya zisigusane na ardhi. Oili chafu, ambayo mafundi wengi huipenda, ipakwe ncha za mbao tu kabla hazijapandishwa. Ikimwagika ukutani haitoki, na chokaa haitashika hapo tena.

Kinyesi cha popo kina vumbi linaloumiza mapafu. Kinyunyizie maji kwanza, funga barakoa, ndipo uzoe. Nyuki mwachieni mfugaji, watu wa Singida na Manyoni wanajua kuwahamisha bila moto.

Saba, chokaa, si saruji

Hapa ndipo tulipokosea vibaya. Mwaka wa kwanza tulipata mifuko ya saruji kwa hisani, tukapiga ukuta wa kaskazini plasta safi, ukang'aa, tukapigwa picha. Baada ya masika mawili plasta ilianguka kama gamba, ikiwa imeng'oa nyuso za mawe. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, na juu ya mawe kulikuwa na unga mweupe wa chumvi.

Sababu yake ni hii. Ukuta wa zamani hunywa maji kutoka ardhini na mvuani, kisha huyatoa jua likiwaka. Saruji ni ngumu na haipitishi. Maji yanakwama ndani, chumvi inayeyuka na kuganda tena nyuma ya plasta, na kila inapoganda inavunja jiwe kidogo. Chokaa inapumua, na ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo kitu kikichakaa inachakaa yenyewe, na ukuta unabaki.

Anza kwa kujua ukuta wenu umeunganishwa na nini. Chukua donge la muunganiko wa zamani, liponde, lidondoshee siki au ndimu. Likitoa mapovu lina chokaa, ingawa mchanga wa kwetu wenye mawe ya chokaa nao unaweza kudanganya. Jaribio la pili: tia unga huo kwenye chupa safi, jaza maji, tikisa, acha hadi kesho. Mchanga utakaa chini, udongo laini juu yake. Tengeneza mchanganyiko wenye matabaka yanayofanana. Boma letu liliunganishwa kwa udongo, chokaa ikawa ya plasta tu, na udongo unaofanana nao zaidi tuliupata kwenye kichuguu, uleule ambao mama zetu walisilibia sakafu za tembe.

Chokaa ya mifuko uiloweke kwenye pipa, maji yaifunike, wiki mbili au zaidi, hadi iwe nzito kama mtindi. Ukipata chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa, kumbuka: chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogokidogo, maji hayamwagwi juu ya chokaa. Inachemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, weka maji safi karibu kwa ajili ya macho, watoto wawe mbali. Kwa plasta changanya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga wa korongoni uliochekechwa na kuoshwa. Kanda kwa nguvu badala ya kuongeza maji.

Kabla ya kupaka, safisha viungo kwa brashi, nyunyizia ukuta maji hadi uwe na unyevu bila kuchuruzika. Paka tabaka lisilozidi sentimita moja, liache likaze, paka la pili. Upepo wa Juni na Julai ndio adui, kwa sababu hukausha chokaa kabla haijashika. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa wiki nzima, uyamwagie maji asubuhi na jioni. Anza na sehemu iliyojificha, mita moja ya mraba, uitazame masika moja kabla ya kuendelea.

Msiibe mawe ya upande ulioanguka kukarabati upande uliosimama, na msijenge upya kitu ambacho hamna picha wala mchoro wake. Kipande kipya kiingizwe ndani kidogo, sentimita moja nyuma ya uso wa zamani, ili anayekuja aone kipi ni cha nani.

Tulipokuwa tukiondoa saruji ile kwenye chumba cha walinzi, plasta ya zamani ilifunguka kona moja. Chini yake, kwenye udongo uliokauka, kulikuwa na alama za vidole vinne vilivyoburuzwa, vya mtu aliyekuwa akijaza nafasi kati ya mawe mawili. Vilikuwa vidole vyembamba, pengine vya kijana. Hatukupaka hapo. Tumeacha dirisha la kiganja kimoja, na kila mgeni tunamwonyesha hilo kabla ya mnara.

Nane, kusanya masimulizi

Walioshuhudia hawapo tena, waliopo ni wajukuu walioambiwa. Nendeni kwao kwa adabu, msalimie Kigogo, "Mbukwa mzee," mkakae, msianze na maswali. Rekodini kwa simu, kwa ruhusa yao, na kwa Kigogo, Kinyaturu au Kirangi, kama wanavyosimulia nyumbani. Tafsiri itafuata. Uliza: mawe yalitoka wapi na nani aliyabeba? Kodi ililipwa kwa nini, mbuzi au kazi? Mtunya ilichukua nani katika ukoo huu? Boma lilitumika kwa kazi gani baada ya Mjerumani, wakati wa Mwingereza, baada ya uhuru? Andikeni jina la msimuliaji kama ameridhia, tarehe na mahali.

Mzee mmoja alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu aliniambia, "Mjukuu wangu, mnalisafisha boma lile ili lipendeze, na babu yangu alitoka humo hawezi kulalia mgongo." Tangu hapo kibao chetu cha langoni kinaanza na waliobeba mawe na waliofungwa. Jina la kamanda liko chini.

Tisa, lipe kazi

Jengo lisilo na mtu hurudi kuwa gofu ndani ya masika matatu. Chagueni kazi isiyotaka kutoboa kuta wala mizigo mizito: maktaba ya shule, chumba cha vikao vya kijiji, chumba kimoja cha kumbukumbu chenye picha na masimulizi. Selo ya wafungwa isiwe stoo wala duka. Iacheni tupu. Umeme ukihitajika, sola juu ya nguzo iliyosimama peke yake, waya zisipigiliwe kwenye mawe.

Teueni mtu mmoja mwenye ufunguo na daftari la wageni. Kiingilio kikiwepo kipitie utaratibu wa halmashauri, kwa kumbukumbu namba ya malipo, na kijiji kikubaliane kwa maandishi sehemu gani inarudi kwenye matunzo. Fedha isiyo na daftari imevunja kamati nyingi kuliko mvua ilivyovunja kuta.

Kalenda ya mwaka

Mei: piga picha zilezile kutoka sehemu zilezile, linganisha na za mwaka jana. Juni hadi Septemba: chokaa, mbao, kuta. Oktoba: safisha gata na mifereji, kata machipukizi, kaza misumari ya bati. Novemba: acha kupaka chochote, funika mchanga, kagua mirunda na kabari. Desemba hadi Aprili: kila baada ya mvua kubwa mwenye ufunguo azunguke boma mara moja, atazame vioo kwenye nyufa, aandike tarehe na alichokiona, hata kama ameona kila kitu ni kizima.